Mizabibu ya Papa wa Vino

Ukimuuliza mtu wa upande wetu wa Makomeno, hapa Lubumbashi, duka la vino lilikuwa wapi, atakuonyesha mlango ambao leo wanauza viatu na mafuta ya nywele. Mimi sihitaji kuonyeshwa. Ukuta wa duka lile na ukuta wa jiko langu ni ukuta mmoja, na kwa miaka mingi, kila nilipotia vitunguu kwenye mafuta upande huu, sauti ya mwenye duka ilitokea upande ule: "Mama Malewa, leo unapika nini?"

Malewa ni hoteli zetu za watu wa kawaida: mabenchi, meza zenye plastiki ya maua, sufuria nyuma, bukari, yaani ugali, na mboga kwa kila mwenye njaa. Mimi ndiye mwenye malewa, yeye alikuwa jirani yangu muuza divai. Divai sisi tunaiita vino, basi naye akawa Papa wa Vino. Jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza kanisani, siku ya maziko ya mke wake, na mama aliyekaa mbele yangu akageuka kuniuliza padri anamsema nani.

Alikozaliwa na alivyokua sitaviandika, kwa sababu hakunisimulia na mimi sikuchimba. Wazazi wake walitoka Kasai kama wangu, basi. Ninachotaka kuandika ni kwamba mtu huyu, aliyewauzia divai watu wa kila namna mjini humu, alikuwa na hamu moja isiyomtoka: amwone mke wake akinywa glasi moja mpaka mwisho. Mama yule alikuwa anaonja funda moja, anarudisha glasi mezani, anaendelea na shughuli zake. Miaka yote hiyo. Ukilijua hilo, mengine yake utayaelewa.

Duka lenyewe lilikuwa dogo na lenye giza. Madirisha aliyafunika kwa magunia ili jua lisiingie, na mteja mgeni alikuwa anasimama kwanza mlangoni, macho yazoee, huku Papa wa Vino akimwangalia kutoka kwenye kiti chake bila kumsaidia. Alikuwa na chupa za Afrika Kusini, za Ureno, na zile tamu ambazo akina mama wa chama wanapenda. Aliziuza bila kuzisema vizuri wala vibaya. Moyo wake ulikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu palipo na ubaridi. Pale ndipo alipoweka Beaujolais.

Hiyo ni divai nyekundu nyepesi ya Ufaransa, ya vilima vilivyo kaskazini ya mji wa Lyon, na zabibu yake inaitwa Gamay. Alilitamka jina hilo kama mtu anavyomtaja mtoto wa dada yake aliyefaulu shule. "Gamay iko na ngozi nyeusi," alikuwa ananiambia, "lakini ukipasua, mayi yake ni meupe. Njo maana vino yake haina uzito. Inapita mu koo bila kugonga mulango." Ukimwachia nafasi, angekutembeza kijiji kwa kijiji: divai ya Fleurie ni laini, ya Morgon ina mifupa kidogo, mawe ya kule ni ya waridi na yanapondeka mkononi. Siku moja nilichoka nikamuuliza kama amewahi kufika huko.

"Kufika ya kazi gani?" akasema. "Miye ninakunywa kule."

Hakuwa amepanda ndege maisha yake yote. Mbali alikofika ni Kilwa, kwenye ziwa Mweru, siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe, na barabara ile ilimtikisa mpaka akaapa kwamba safari nyingine hatofanya tena.

Sheria ya duka lake ilikuwa moja, na ilimpotezea wateja wengi. Hakuuza chupa kabla hujamwambia unapika nini. Kwake hakuna divai nzuri wala mbaya yenyewe peke yake. "Usiniulize kama iko muzuri," alisema. "Uniulize inaendana na nini." Mtu anayetaka chupa ya kubeba tu kama zawadi ilimbidi atunge chakula, na Papa wa Vino alikuwa mwepesi wa kumtambua mtu anayetunga.

Ninamkumbuka mjomba mmoja aliyeingia amevaa koti, kijana wao alikuwa anakwenda kwa wakwe. Alitaka nyekundu nzito, yenye nguvu, ili upande wa pili wajue kwamba wao pia ni watu.

"Bakwe banapika nini?" Papa akamuuliza.

"Nitajua namna gani, Papa? Ni kwabo njo banapika."

"Bon. Upige simu, uulize."

Mjomba alitoka akisonya. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu ninachambua matembele, nikamwona anazunguka kwenye gari lake, anapiga simu, anapangusa jasho. Akarudi na jibu: kuku, na thomson ya kukaanga. Thomson ni yule samaki wa barafu anayekuja kwa makatoni, ambaye amelisha mji huu kuliko samaki mwingine yeyote. Papa akainama, akatoa Beaujolais rafu ya chini, akamwambia kabla ya kumimina aiweke kwanza ndani ya maji baridi.

"Nyekundu na samaki?" mjomba akasema. "Si banasema nyeupe njo ya samaki?"

"Bale benye banasema vile, banakula samaki gani? Yetu iko na tomate, iko na vitunguu, imetoka mu mafuta ya moto. Ukiipa nyeupe, nyeupe itakimbia. Ukiipa nyekundu ya nguvu, samaki atakufa mara ya pili. Hii hapa itakaa naye."

Mjomba alikwenda bila kushawishika. Ndoa ile ipo hadi leo, na nimemsikia mjomba mwenyewe kwenye sherehe akiwafundisha watu kwamba thomson huliwa na nyekundu baridi, kana kwamba alizaliwa nalo.

Mimi pia alinifundisha, ingawa kwetu kanisani pombe haisifiwi na nilikuwa nikionja ncha ya ulimi tu. Saa sita mchana alikuja na glasi yake ndogo, anakaa kona ileile, anajaribu divai na nilichopika. Uyoga wa mwanzo wa mvua, ule wanaouleta akina mama kwa mabeseni, alisema ndio mke halali wa Gamay. Vinkubala, wale viwavi wetu wakavu, nikiwakaanga na chumvi mpaka wanalia menoni, alikuwa anafumba macho. Mbuzi wa kuchoma sawa, asiwe na mafuta mengi. Lakini sombe, kisamvu chetu, yenye mawese alikataa. "Kwa sombe, unywe mayi," alisema. "Hakuna aibu." Tuligombana juu ya pilipili tu. Yeye aliamini pilipili inaua divai, mimi ninaamini chakula bila pilipili ni cha mgonjwa, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Pua yake ndiyo iliyokuwa mali yake. Aliweza kuingia kwangu, kabla hajasalimia, akasema, "Mama Malewa, mafuta hii ni ya juzi." Wateja wakisikia, mimi nikikasirika, yeye akishangaa kwa nini nimekasirika. Kwenye divai aliisoma harufu kama sisi tunavyosoma sura ya mtu tunayemjua. Vitabu vya kule vinasema Gamay inanukia matunda madogo mekundu ambayo hapa hakuna aliyeyala. Yeye aliyatupa majina hayo akaweka ya kwetu. Ikiwa bado changa, harufu ya ndizi mbivu. Ikikaa kidogo, masuku, yale matunda ya porini yanayouzwa barabarani mvua zikianza, yenye utamu na ukali wake ndani ya ngozi ya kahawia. "Onja, usikie masuku," alinilazimisha, nami nilionja, na ni kweli, masuku yalikuwemo.

Halafu mtu huyohuyo, akimaliza kutufundisha wepesi na uangalifu wa ulimi, alikunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kinakaribia kusimama. Nilimwambia ni aibu. Akasema ulimi nao unahitaji likizo.

Jambo lililomtesa kuliko yote lilikuwa joto. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanguka, Lubumbashi inawaka, bati zinalia juu ya vichwa. Na watu wetu walikuwa wamesikia mahali fulani kwamba divai nyekundu haiwekwi kwenye friji, inanywewa kwa joto la chumba. Basi chupa inakaa juu ya kabati, karibu na televisheni, wiki nzima, na siku ya sherehe inamiminwa ikiwa na joto la maji ya kuogea. Kwenye ubatizo mmoja hapa mtaani Papa wa Vino alivumilia mpaka wimbo wa kwanza. Kisha akainuka, akakusanya chupa zote mezani, akazizamisha kwenye beseni la barafu lililowekwa kwa ajili ya soda za watoto. Mwenye nyumba alitaka kumfukuza.

"Tata, ile chumba yenye banasema, ni chumba ya kwabo," Papa akamwambia kwa upole, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. "Kwabo chumba iko baridi, ata nkambo analala na soksi. Yetu, mu mwezi ya kumi, ni chumba ama ni mbabula?"

Mbabula ni jiko la makaa, na nkambo ni babu au bibi. Watu walicheka, mwenye nyumba naye akacheka, divai ikapoa, ubatizo ukaendelea. Ninaomba uyashike maneno hayo, chumba ya kwabo na chumba yetu, kwa sababu mimi kila nikiyakumbuka ninacheka halafu yananiuma.

Sasa mke wake. Yeye ndiye aliyeniuzia mboga. Alikuwa mtu wa Kilwa, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na shamba huko Kasungami, pembeni ya mji, ambako mashamba na nyumba bado vinagombania nafasi. Asubuhi alikuja na matembele na lengalenga kwenye beseni, na mara kwa mara samaki wa moshi ambao kaka zake walimtumia kutoka ziwani, weusi, wakavu, wenye harufu inayokaa kwenye nguo. Tukishamaliza kuhesabu mafungu alikuwa anakaa kidogo kwangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliyosema yalibaki.

Mume wake alikuwa akija na glasi, amechagua chupa kwa ajili yake, ameipoza, ameifuta. Yeye anaonja funda moja, anatafuna kidogo kana kwamba ni chakula, anarudisha glasi.

"Iko muzuri, Papa," anasema. "Lakini iko na bulongo ya bantu."

Yaani ina udongo wa watu wengine. Hakusema kwa dharau. Alikuwa mkulima, alijua kwamba kitu chochote kinachokua kina ladha ya mahali kilipokulia, na divai ile ilimwonjesha mahali ambapo yeye hakuwa na mtu. Papa alimletea za kila kilima. Jibu lilikuwa lilelile. Nilimwona anavyoipokea ile glasi iliyobaki, anasimama nayo, anashindwa kuimwaga na anashindwa kuinywa.

Ndipo mpwa wake mmoja aliyekaa Ufaransa akaja likizo na vijiti vya mzabibu wa Gamay. Alivisafirisha ndani ya sanduku, vimeviringishwa kwenye soksi mbichi, na uwanja wa ndege alipoulizwa akasema ni dawa ya mgongo. Papa wa Vino alivishika vijiti vile kama amepewa mtoto mchanga. Kesho yake alikuwa Kasungami, na mkewe akamkatia kipande cha shamba karibu na kisima. Aliporudi alisema mbele yangu, akiwa na matope mpaka magotini, "Sasa atakunywa vino ya bulongo yake."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa miaka. Dukani alikuwa na kalenda ya ukutani, aliyopewa na wauzaji wake, yenye picha ya mashamba ya Beaujolais kila mwezi. Aliifuata kama padri anavyofuata misale. Mwezi wa kwanza, picha ilionyesha wanaume wenye makoti wanakata matawi kwenye theluji. Basi mwezi wa kwanza Papa wa Vino alivaa koti la mvua, akaenda Kasungami kukata matawi, katikati ya mvua zetu, mizabibu imejaa majani, maji yanamwingia shingoni. Mwezi wa tatu picha ilisema funga vijiti, akafunga. Machipukizi yaliyotoka yalioza kwa unyevu. Maua yalioza. Zabibu chache zilizoshika zilipata kuvu kabla hazijabadilika rangi. Na mwezi wa tisa, picha ilipoonyesha vijana wanacheka na vikapu vimejaa, yeye alisimama mbele ya miti mikavu yenye vumbi.

Mke wake alimwambia tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwepo, alikuwa anafunga mafungu ya mboga.

"Papa, hii kalandari ni ya kwabo. Huku ukikata mu mvula, unapikia kuvu. Ngoja mvula ichoke, njo ukate. Itazaa mu baridi, mu jua kavu. Miye nitakuwa naimwangilia."

"Mama, bale bantu beko mu kazi hii tangu bankambo."

"Bankambo babo, ndiyo," akasema, akafunga fungu lingine.

Mimi nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Papa, chumba ya kwabo haiko chumba yetu, si weye njo ulisema? Sasa mwezi ya kwanza ya kwabo iko mwezi ya kwanza yetu namna gani?" Alininunia. Alikula kwa jirani mwingine siku ile na iliyofuata, na tulipopatana hatukulizungumza tena. Mtu aliyeona kosa hilo kwa kila mwenye nyumba wa mtaa huu hakuweza kuliona ukutani kwake. Nadhani aliipenda nchi ile ambayo hakufika mpaka akasahau kwamba hayuko huko. Kila mwaka aliwaambia wauzaji wake kwamba mwaka ujao itazaa, na kila mwaka mkewe alionja funda moja la divai ya chupa na kurudisha glasi.

Mama yule aliugua ghafla, kifua, mvua zikiwa bado nzito, na hakurudi kutoka hospitali. Mazishi yalikuwa Kasungami. Nilipika mimi. Papa wa Vino alikaa kwenye kiti bila kugusa kitu, na alipoletewa divai, mtu wa heri alidhani itamfariji, aliitazama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Inaendana na nini?"

Duka alilifunga kwa muda. Alipolifungua, kalenda haikuwepo ukutani, ilibaki alama nyeupe ya mraba. Sikuuliza. Lakini mwisho wa mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zinatoa matone ya mwisho, mchana mmoja alipitia kwangu ameshika kile kisu kidogo cha mboga cha mkewe, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Imechoka," akaniambia.

"Nini imechoka, Papa?"

"Mvula."

Akaenda Kasungami akakata. Mwaka ule mizabibu ilizaa. Vishada vidogo, vyeusi, vigumu, katikati ya baridi ya kiangazi, akivinywesha maji kwa ndoo. Ndege walivimaliza karibu vyote, lakini alikuwa ameona. Aliniletea kishada kimoja kilichosalia, tukakipasua. Maji ndani yalikuwa meupe.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa barakoa uliozunguka dunia. Naye aliugua, siku chache za homa, akapona, akarudi kwenye kiti chake gizani. Mimi sikugundua kitu mpaka siku niliyounguza maharagwe. Nilikuwa nimesimama barabarani ninagombana na muuza makaa, na niliporudi moshi ulikuwa umejaa malewa, wateja wametoka nje wanakohoa. Yeye alikuwa amekaa kona yake, glasi mkononi, mgongo kwa jiko. Akanigeukia kwa furaha yake ya kila siku. "Mama Malewa, leo unapika nini?"

Nilikaa mbele yake. Maharagwe yaliendelea kuungua, nikayaacha.

"Papa," nikamwambia, "tangu siku gani?"

Alielewa haraka. Alishusha glasi. "Tangu homa," akasema. "Haisikike kintu. Vino, kahawa, sabuni, yote ni mayi. Nilifikiri itarudi." Akaangalia mlango. "Usiseme kwa bantu."

Sikusema. Kwa miezi aliendelea kuuza kwa kumbukumbu tu, na ukweli ni kwamba hakuna mteja aliyejua. Lakini yeye alikuwa na jambo aliloliheshimu kuliko sala: juu ya divai hatudanganyi. Aliwahi kurudisha katoni zima kwa sababu chupa moja ilikuwa na harufu ya kizibo kilichooza. Kumwambia mtu "hii ina masuku" bila kuyasikia masuku kulimla ndani. Akaliuza duka, akahamia Kasungami, kwenye nyumba ndogo ya shambani, na mimi nikabaki na ukuta uliokuwa kimya. Niliendelea kupika. Mara nyingi nilijikuta nimenyamaza baada ya kutia vitunguu, ninasubiri.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mvua za kwanza zilipoanguka. Binti yake anayeishi mbali alikuwa amepanga kuja kumchukua wiki ile, maana mguu ulikuwa unamsumbua, na Papa alinitumia ujumbe kwa kijana wa taxi-moto, zile pikipiki za abiria: nije, nisichelewe, nilete chakula. Hakusema chakula gani. Nikatia kwenye kikapu bukari iliyofungwa moto, na samaki wa Kilwa wa moshi, niliyemlowesha asubuhi nikamkaanga na vitunguu na tomate. Shemeji zake walikuwa bado wananitumia mimi, kwa ajili ya dada yao.

Nilimkuta nje, karibu na mizabibu. Alikuwa ameifunika kwa vyandarua vya zamani, vimeshonwa pamoja kwa mkono, ili ndege wasirudi kufanya kama mara ile, na vilikuwa bado vinaning'inia pale, vimechanika na vimejaa majani. Aliniambia alivyofanya: alivuna mwishoni mwa kiangazi, akaponda kwa mikono, na kwa kuwa pua haikumwambia kitu, alifuata kwa sikio. Aliegemeza kichwa kwenye ndoo asubuhi na jioni, akasikiliza povu linavyonong'ona. Liliponyamaza, akachuja. Zilitoka chupa chache tu. Moja ilikuwa ndani ya mtungi wa maji, chini ya baraza, inapoa.

Meza ilikuwa na glasi mbili. Ya tatu, ile ya mkewe, ilikuwa imegeuzwa kichwa chini juu ya kitambaa.

"Ni weye tu njo utanisemea," akasema. "Miye siko na pua, siko na ulimi. Onja."

Akamimina. Rangi ilikuwa nyekundu ya waridi iliyokolea, unaona vidole upande wa pili. Divai ikamwagika kidogo mezani, asiipanguse. Nikaonja, si ncha ya ulimi kama nilivyozoea, nilikunywa.

Ilikuwa kali. Mataya yalinikaza, macho yakatoa machozi. Nilimtazama mzee yule aliyeinama mbele kuusoma uso wangu, nikatamani sana kumdanganya. Asingejua. Dunia nzima hakuna aliyejua ladha ya divai ile isipokuwa mimi, na keshokutwa angeondoka. Neno "nzuri" lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Papa," nikasema, "iko kali. Inakata mudomo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Akaegemea kiti na kuangalia vyandarua, na mimi nilijichukia. Ili nisimtazame nikafungua kikapu, nikamega bukari, nikachovya kwenye mchuzi, nikachukua kipande cha samaki. Moshi wa ziwani, chumvi, mafuta, tomate. Nilipomeza, mkono wangu ulikwenda kwenye glasi kwa kiu tu.

Nikamega tena, nikala samaki, nikanywa tena, kwa makusudi sasa. Ule ukali haukuwepo. Samaki aliuchukua. Mafuta yake yaliulainisha na moshi wake ukafunguka, na chini ya vyote, mwishoni kabisa, pakaja kitu nilichokijua.

"Papa, ngoja," nikasema.

Aligeuka.

"Masuku. Iko na masuku. Haina ile ya kuiva sana. Ile ya kwanza kuanguka."

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Unasema kweli?"

"Juu ya vino hatudanganye."

Nilijua swali linalokuja, kwa sababu ndilo alilouliza maisha yake yote. Lakini safari hii aliliuliza kwa sauti ndogo, kana kwamba anaogopa jibu.

"Inaendana na nini?"

"Na samaki ya Kilwa," nikamwambia. "Ile ya Mama. Bila samaki ya kwabo, haikunywike. Na samaki, inaita ingine."

Alilia bila kujificha. Alilia huku anainua ile glasi ya tatu, anaigeuza, anaifuta kwa kitambaa, anaijaza mpaka karibu na ukingo. Hakuimwaga chini wala hakuipeleka kwenye kaburi la mkewe, lililokuwa pale pale nyuma ya mabua makavu ya mahindi. Aliinywa mwenyewe. Alimega bukari, akala samaki, akanywa, akala, akanywa, mtu ambaye kwake vyote vilikuwa maji. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa mji. Aliinamisha glasi mpaka tone la mwisho likatoka, akaiweka mezani, tupu.

"Miye sisikie kintu," akasema. "Lakini hii angemaliza?"

Nilimfikiria mama yule na mafungu yake ya mboga, anavyotafuna funda lile moja, anavyorudisha glasi. Nilifikiri vizuri, kwa sababu alistahili jibu lililofikiriwa.

"Hii angemaliza, Papa," nikasema.